Subaru STI na Mitsubishi Evolution: kununua ni siku moja, kutunza ni kila mwezi

Anayetafuta motokari ya kasi kwa feza ya kadiri, awe Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi, hachelewi kukutana na majina mawili: Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution. Picha za magari hayo zinapita kila siku katika simu za vijana. Yote mawili yana milango minne, turbo, na moteri inayosukuma magurudumu yote manne. Yakiwa okazioni, mara nyingi bei zake zinakaribiana.

Lakini kisha mwaka mmoja barabarani, wenye magari haya hawalipi feza kwa mambo yaleyale. Wa Subaru analipia zaidi moteri. Wa Mitsubishi analipia vyombo vinavyogawa nguvu kwa magurudumu, na anapoteza siku akingojea piyesi. Wote wawili wanalipa kuliko jirani mwenye Toyota Corolla. Hesabu hiyo ndiyo inaamua kama gari litatembea ao litalala katika parseli likinyeshewa na mvua.

Wapinzani waliozaliwa katika rali

Impreza WRX na Lancer Evolution zilianza kuuzwa mwaka mmoja, 1992. Wakati huo, sheria za mashindano ya rali ziliomba kampuni inayotaka kushindana iuze kwanza kwa raia maelfu ya magari yanayofanana na lile la mashindano. Ndiyo sababu Subaru na Mitsubishi zilitia moteri ya litre 2 yenye turbo ndani ya magari ambayo kwa umbo ni ya familia. Jina STI, ambalo ni la kitengo cha mashindano cha Subaru, liliingia kwenye Impreza mwaka 1994.

Afrika ya Mashariki iliona upinzani huo kwa macho. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2001, Safari Rally ya Kenya ilifanyika mara sita ndani ya mashindano ya dunia, na mara tano mshindi alikuwa katika Mitsubishi ao Subaru. Tommi Mäkinen alishinda na Mitsubishi mwaka 1996 na 2001. Richard Burns alishinda na Mitsubishi mwaka 1998, kisha akarudi kushinda na Subaru mwaka 2000. Colin McRae alishinda na Subaru mwaka 1997. Mkenya Patrick Njiru naye alichangia sana kulifanya jina la Subaru lipendwe katika barabara za vumbi za nchi yake.

Ikumbukwe kwamba Mäkinen alikuwa bingwa wa dunia mara nne mfululizo akiendesha Mitsubishi, tangu 1996 hadi 1999. Subaru nayo ilitoa mabingwa watatu: McRae mwaka 1995, Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003.

Sifa hizo bado zinauza magari leo, hata kama viwanda vimekwisha acha kuyatengeneza. Mitsubishi ilifunga kazi ya Evolution mwaka 2016. Subaru ilimaliza STI mwaka 2021, na mwezi wa Machi 2022 ikatangaza kwamba haitatengeneza STI nyingine ya esansi kutokana na WRX mpya. Maana yake ni rahisi: kila gari linalouzwa leo limekwisha pita katika mikono ya mwengine. Mnunuzi ananunua pia namna mwenye gari wa kwanza alivyolitunza ao alivyolitesa.

Maisha ya kila siku ndani ya gari

Katika kazi za kila siku, tofauti si kubwa kama mashabiki wanavyosema. Yote mawili yanabeba familia, yana buti ya kutosha kwa mizigo ya soko, na yanapanda milima bila shida. Kwa miji iliyo juu kama Goma na Bukavu, ambayo iko karibu metre 1,500 juu ya usawa wa bahari, turbo ni msaada wa kweli. Moteri isiyo na turbo inapoteza nguvu sababu hewa ni nyepesi. Turbo inasukuma hewa zaidi ndani ya silinda na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo.

Evolution inajibu haraka sana. Ukigeuza volani kidogo tu, gari limekwisha kata kona. Lakini resori na amotisere zake ni ngumu, na abiria anasikia kila shimo mgongoni. STI nayo ni ngumu, ila kwa safari ndefu watu wengi wanaiona kuwa na huruma zaidi. Moteri yake imelala: pistoni zinatembea kwa upande, kushoto na kulia, kama ngumi za mpiganaji wa boksi. Uzito unabaki chini, na gari linashika barabara vizuri.

Tanki la Evolution linabeba litre 55, la STI litre 60. Kwa unywaji wa magari haya, tofauti hiyo ni kama kilometa 40 za safari. Anayesafiri kati ya miji yenye vituo vichache vya esansi ataisikia.

Kuna tatizo ambalo linagusa yote mawili: yako chini. Kati ya tumbo la gari na barabara hakuna sentimita 16, wakati jeep kama Prado zinapita sentimita 20. Kwenye mawe ya volkano ya Goma ao katika mashimo ya barabara za taifa wakati wa mvua, sahani ya mafuta ya moteri, mabomba ya moshi na bampa vinagonga chini. Bamba la chuma la kukinga moteri si pambo. Lazima lihesabiwe katika bei ya gari.

Esansi: hesabu ya kwanza

Vipimo vya EPA, shirika la serikali ya Marekani la ulinzi wa mazingira, vinaonyesha kwamba katika esansi hakuna mshindi. Evolution na STI zinakunywa karibu litre 12 hadi 13 kwa kilometa 100, mji na barabara kubwa pamoja. Corolla ya esansi ya miaka hiyohiyo inakunywa karibu 8.

Tuchukue mtu anayetembea kilometa 10,000 kwa mwaka. Mwenye Corolla atanunua litre 800. Mwenye STI ao Evolution atanunua karibu litre 1,250. Ni litre 450 za zaidi, mbele ya kuhesabu mguu wa dereva. Na mtu hanunui gari kama hili ili aendeshe polepole kila siku. Akibonyeza sana, unywaji unapanda zaidi.

Jambo lenye uzito kuliko bei ya litre ni ubora wa esansi. Magari yaliyouzwa Japani yalipangwa kwa esansi ya daraja la juu ya huko, yenye oktani karibu 100. Oktani ni uwezo wa esansi kungoja mpaka buji iiwashe. Esansi ya oktani ndogo, ikibanwa sana na turbo, inaweza kujiwasha yenyewe mbele ya wakati. Hapo moteri inagonga, na kila mgongo ni kama nyundo juu ya pistoni.

Mwenye pikipiki ao Toyota ya zamani anaweza kununua esansi kwa Kadhafi wa barabarani, katika bidoni, na asione shida. Kwa STI ao Evolution, bidoni moja yenye esansi iliyochanganywa inaweza kuanzisha ugonjwa wa moteri nzima. Kituo kinachojulikana ni cha lazima. Pale ambapo esansi ya oktani kubwa haipatikani, inafaa fundi apunguze mgandamizo wa turbo. Gari litapoteza nguvu kidogo, lakini moteri itaishi.

Vidanji isiyochelewa

Katika moteri ya turbo, mafuta ya moteri yanafanya kazi mbili: yanalainisha moteri, na yanapoza turbo ambayo inazunguka kwa kasi kubwa ndani ya moto. Wanaotunza magari haya vizuri hawapitishi kilometa 5,000 bila vidanji, na wanatumia mafuta ya sintetiki. Kwa kilometa 10,000 kwa mwaka ni vidanji mbili, kila moja ya litre 4 hadi 5 pamoja na filta.

Kisha safari ya kasi, gari lisizimwe papo hapo. Dakika moja ao mbili za kuacha moteri ikizunguka taratibu zinaipa turbo nafasi ya kupoa. Ni desturi isiyoomba hata franka moja, na inaokoa chombo cha bei kubwa.

Subaru: deni linatoka katika moteri

STI ina moteri za aina mbili, na mnunuzi asiyejua hilo anaweza kulipa mara mbili. Nyingi zilizouzwa Japani zilibaki na EJ20 ya litre 2 mpaka mwisho. Zile za Marekani, tangu muundo wa 2004, na kisha za nchi nyingine nyingi, zilipewa EJ25 ya litre 2.5.

EJ25 yenye turbo ina udhaifu unaojulikana na mafundi dunia nzima. Ile sehemu nyembamba ya pistoni, kati ya pete moja na nyingine, inaweza kupasuka moteri ikigonga sababu ya esansi mbaya, joto kali ao turbo iliyoongezwa nguvu bila ujuzi. Dalili ni moshi, mafuta ya moteri kupungua haraka na silinda moja kukosa nguvu. EJ20 ya Japani inavumilia zaidi, lakini nayo haisamehe anayesahau mafuta.

Na mafuta ndiyo jambo la pili. Subaru za turbo zinaweza kula mafuta ya moteri kati ya vidanji mbili. Yakishuka sana, gari likikata kona kwa kasi, mafuta hayafiki vizuri kwenye vyuma vinavyoshika mikono ya pistoni. Vyuma hivyo vinaisha, na moteri inaanza kulia kama mtu anayegonga mlango. Kwa hiyo mwenye STI anapaswa kuchomoa kijiti na kuangalia mafuta kila anapojaza tanki. Kazi hiyo ni ya dakika moja. Kuisahau kunaweza kugharimu moteri.

Nusu ya chini ya EJ25, mpya kutoka kiwandani, kwa miaka mingi iliuzwa Marekani karibu dolari 2,000. Hapo bado kusafirisha, duane, kazi ya fundi, joini zote, kusafisha ao kubadilisha turbo na kusafisha mabomba ya mafuta yaliyojaa unga wa chuma. Fundi akiacha kusafisha, unga huo unaua moteri mpya pia.

Kuhusu joini ya kulasi, kile kizibo chembamba kilicho kati ya kichwa cha moteri na kiwiliwili chake, Subaru ina sifa mbaya ambayo haiangukii gari la haki. Matatizo mengi ya aina hiyo yalikuwa katika EJ25 zisizo na turbo. Mwenye STI anapaswa kuogopa zaidi pistoni na mafuta.

Kuna pia bei ya masaa. Sababu moteri imelala, buji zinatazama upande, karibu na kuta za gari. Kuzibadilisha kunaomba uvumilivu na mikono myembamba. Fundi anayelipwa kwa saa atahesabu hilo.

Mitsubishi: moteri ngumu, vyombo vya gharama

Evolution I mpaka IX zina moteri ya 4G63, ambayo kiwiliwili chake ni cha chuma kizito. Mitsubishi ilikuwa inaitumia tangu miaka ya 1980, na sifa yake ya kuvumilia turbo ni kubwa. Buji ziko juu, chini ya kifuniko kimoja, na fundi anazifikia haraka. Evolution X, iliyotoka mwaka 2007, ilipewa moteri nyingine, 4B11, yenye kiwiliwili cha aluminiamu.

Katika swali la mkanda wa moteri, Evolution X inashinda wote: haina mkanda, ina mnyororo. STI na Evolution za zamani zina mkanda, na ukikatika, pistoni zinagonga valvu na kuzipinda. Kwa 4G63 iliyouzwa Marekani, kiwanda kiliomba mkanda ubadilishwe kila maili 60,000, ni kusema karibu kilometa 96,000. Subaru iliomba maili 105,000 katika nchi hiyo, na kilometa 100,000 huko Japani. Mkanda na vigurudumu vyake, piyesi peke yake, kwa Subaru ni karibu dolari 200 hadi 350 kama ni vya ubora mzuri.

Fundi asiyeijua 4G63 anaweza kusahau jambo moja: ndani kuna mkanda wa pili, mdogo, wa kupunguza mtetemo. Ukikatika, unaweza kuingia katika mkanda mkubwa na kuuangusha. Yote miwili inapaswa kubadilishwa pamoja.

Deni kubwa la Evolution liko nyuma ya moteri. Tangu Evolution IV, nyingi za Japani zina AYC, chombo kinachogawa nguvu kati ya gurudumu la nyuma la kushoto na la kulia. Tangu Evolution VII kuna ACD, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Vyombo hivyo ndivyo vinafanya Evolution ikate kona kama imefungwa kwenye reli. Lakini vinasukumwa na pompi yenye mafuta yake, na katika Evolution X pompi hiyo iko nyuma, karibu na gurudumu, mahali ambapo maji na matope vinarukia. Kutu ikiingia, taa inawaka mbele ya dereva na chombo kinaacha kazi. Pompi mpya inapita dolari 1,000, mbele ya usafiri na mkono wa fundi.

Evolution X zenye bwati ya vitesi inayojibadilisha, inayoitwa TC-SST, zinaongeza woga mwengine. Bwati hiyo ina ambreyaji mbili ndani, inaomba mafuta yake maalum na filta yake kwa wakati, na haipendi joto. Ikiharibika, bei ya kuitengeneza inaweza kukaribia bei ya gari dogo. Kwa barabara zetu, Evolution X yenye bwati ya mkono ni salama zaidi kwa mfuko. Upande wa Subaru, bwati ya vitesi sita ya STI, iliyoingia tangu mwanzo wa miaka ya 2000, ni ngumu na inasifiwa. Isichanganywe na bwati ya vitesi tano ya WRX ya kawaida, ambayo ni dhaifu zaidi.

Mpira mmoja unaweza kuwa mipira minne

Gari linalosukuma magurudumu manne linaomba mipira minne inayolingana. Subaru inaomba tofauti ya mzunguko kati ya mpira mmoja na mwengine isipite milimita 6 hivi. Tofauti ikizidi, vyombo vinavyogawa nguvu vinafanya kazi bila kupumzika, vinapata joto na kuisha. Evolution nayo inaomba usawa uleule.

Kwa mkaaji wa mji wenye mawe makali, maana yake ni hii: jiwe likipasua mpira mmoja ambao umekwisha tumika nusu, kununua mmoja mpya hakutoshi. Lazima kununua yote minne, ao kutafuta mmoja uliotumika kwa kiasi kilekile. Na mipira hiyo si ya kila duka. STI na Evolution X za miaka mingi zinavaa 245/40 ya inchi 18, mipira mipana na yenye ubavu mfupi ambao unapasuka haraka katika mashimo. Wanaotafuta kutumia gari badala ya kulionyesha wanachagua rimu ya inchi 17, pale ambapo freni za Brembo zinaruhusu, ili mpira uwe na ubavu mrefu zaidi.

Piyesi zinatoka wapi

Hapa ndipo Subaru inapata nafasi ya kupumua. STI inashiriki piyesi nyingi na Impreza za kawaida, Forester na Legacy, magari ambayo yamejaa Kenya na Uganda. Katika soko la Kisekka mjini Kampala ao katika maduka ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, piyesi za Subaru ni biashara ya kila siku, na mafundi wanaofungua moteri iliyolala ni wengi. Kwa mkaaji wa Bunia, Beni ao Goma, Kampala si mbali kama Dubai ao Japani. Hata hivyo, bwati ya vitesi sita, freni na vyombo vingine vya STI peke yake havitoki kwenye Forester.

Evolution inashiriki na Lancer ya kawaida vitu kama taa fulani, vioo na baadhi ya vitu vya ndani. Moteri yenye turbo, AYC na bwati ni vyake peke yake. Piyesi ikikosekana, inaagizwa mbali, na gari linangoja.

Sheria za majirani nazo zinapunguza mto huo. Kenya hairuhusu kuingiza okazioni iliyopita miaka 8. Evolution ya mwisho imekwisha pita umri huo, kwa hiyo zile zilizoko Kenya hazitaongezeka kupitia njia hiyo. Uganda, tangu mwaka 2018, inakataza magari yaliyopita miaka 15. STI za miaka ya mwisho bado zinaweza kuingia kwa muda, na kila gari linaloingia siku moja litaleta piyesi sokoni.

Swali la volani

Congo inatembea upande wa kulia. Magari ya Japani yana volani kulia, kama ya Kenya, Uganda na Tanzania. Dereva wa gari kama hilo kwetu haoni mbele anapotaka kupita lori, mpaka atoe karibu gari zima katikati ya barabara. Kwa gari la kasi, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo wengi wanatafuta lenye volani kushoto, kutoka Ulaya, Marekani ao nchi za Ghuba kupitia Dubai.

Lakini chaguo hilo lina bei yake, na si ileile kwa magari yote mawili. Kwa Subaru, volani ya kushoto katika miaka ya karibuni mara nyingi inakuja na EJ25, moteri yenye pistoni dhaifu. Anayetoka katika hatari ya barabara anaingia katika hatari ya garaji. Kwa Mitsubishi, mambo yanageuka: Evolution VIII na IX zilizouzwa Marekani hazikuwa na AYC. Zina chombo kimoja cha gharama kidogo, na moteri ileile ya 4G63.

Kanuni za kuingiza magari, umri wake na upande wa volani, zinapaswa kuulizwa katika ofisi ya DGDA mbele ya kutuma feza. Kuuliza wakati gari limekwisha fika bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa ni kuchelewa, sababu kila siku ya bandari inahesabiwa.

Mbele ya kutoa feza

Kwa gari linalotoka Japani, mnunuzi aombe karatasi ya mnada. Alama ya R ao RA juu yake inamaanisha kwamba gari liligongwa kisha likatengenezwa. Muuzaji anayekataa kuonyesha karatasi hiyo amekwisha jibu swali.

Gari likiwa mbele ya macho, fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Namba zikikaribiana, moteri ina afya. Moja ikiwa chini sana, hasa kwa EJ25, afazali kuondoka. Moteri iwashwe ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha, ili sauti ya kugonga isifichwe. Aangalie kijiti cha mafuta, taa za AYC na ACD, usawa wa mipira minne, na uthibitisho wa lini mkanda ulibadilishwa. Kama hakuna uthibitisho, ahesabu kwamba haukubadilishwa.

Turbo kubwa kuliko ya kiwanda, bomba la moshi linalonguruma na programu ya moteri iliyobadilishwa bila karatasi ni alama za gari lililoteswa. Gari ambalo halijaguswa linauzwa bei zaidi, na mara nyingi ndilo la bei nafuu kwa miaka miwili inayofuata.

Nani achague nini

Kwa mtu anayeishi karibu na njia ya Kampala, anayejua kuangalia mafuta kila tanki na anayepata esansi nzuri, STI ya Japani yenye EJ20 ndiyo rahisi zaidi kuiweka barabarani, sababu ya piyesi na mafundi. Atakubali volani ya kulia na atakuwa mwangalifu mara mbili anapopita wengine.

Kwa anayetaka volani ya kushoto na moteri inayovumilia, Evolution VIII ao IX isiyo na AYC ina nafasi nzuri, ila awe na akiba na uvumilivu wa kungoja piyesi. Evolution X ya bwati ya mkono inafuata, kama pompi ya nyuma imekwisha pimwa. STI yenye EJ25 iliyobadilishwa, bila karatasi, ni ya kuachia wengine, hata kama bei yake inashangaza. Mara nyingi bei inashangaza sababu moteri iko karibu kufa.

Na kwa wote, hesabu ni moja. Mwenye dolari 10,000 asinunue gari la dolari 10,000. Mkanda, vidanji, buji, mipira minne na bamba la kukinga moteri vinamngoja wiki ya kwanza. Asiyebakiza akiba ataanza kuchagua kati ya gari na karo ya watoto, na gari litaanza kuendeshwa na mafuta yaliyozeeka na esansi ya bidoni. Hapo, iwe Subaru ao Mitsubishi, mwisho wake ni uleule.